Fomu ya Saa za Kupumzika

Nilifanya kazi miaka sita jikoni kwenye meli ya mizigo ya Wazungu. Kila mwisho wa wiki nahodha alituletea fomu ya saa za kupumzika ikiwa imeshajazwa kwamba tumelala vya kutosha, sisi tusaini tu. Fundi wa injini, mzee Mpolandi, siku moja akagoma. "Sijalala saa hizo," alisema. Bandari iliyofuata akateremshwa na begi lake. Mimi nilisaini huku nikisinzia.

Msimu huu, nyumbani Heru Juu, majirani walikuja kunisaidia kupalilia maharage, kama desturi yetu. Jua lilipokuwa kali wakaweka majembe chini, wakakaa kivulini bila kuniuliza. Nikafoka, "Nani kawaruhusu mpumzike?" Wakanitazama, wakabeba majembe yao, wakaondoka. Nikabaki na shamba langu, na sauti ya nahodha kinywani mwangu.