Siku Picha Iliganda Kaptagat

Mjukuu wangu mkubwa hupiga video za mbio na kuzirusha mtandaoni. Kila penye mbio huku kwetu utamkuta kando ya uwanja, simu mkononi, mdomo haupumziki. Nilikuwa nikimgombeza.

"Wewe, watu wana macho. Wanaona mtu amevaa nyekundu. Kwa nini unawaambia amevaa nyekundu?"

"Kogo, watu wanapenda," ananijibu. Kogo ndiyo nyanya kwa lugha yetu.

"Watu gani? Hawa wanaokuandikia hapo chini unyamaze waone?"

Anacheka tu. Huyo msichana hakasiriki, na hiyo huniudhi zaidi.

Sasa, dada yake mdogo alikuwa na mbio Kaptagat, mbio za nyika za kuchagua timu ya kaunti. Wanne wa mbele wanachaguliwa, wa tano anarudi nyumbani. Mwaka uliopita yeye ndiye alikuwa wa tano. Alilia mpaka nikamwambia machozi hayafanyi mazoezi. Safari hii aliniambia wazi: akikosa tena, anaacha kukimbia. Na mimi nilimwamini, kwa sababu ana kichwa kigumu kama changu.

Goti langu halikuniruhusu kwenda. Nikabaki nyumbani Yamumbi, na jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyetoka upande wa Ziwa, akaja na simu yake kubwa. Akaiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Majirani wengine wakaja, sebule ikajaa, wengine wakasimama mlangoni.

Mwanzo tuliona vizuri. Wasichana wengi, vumbi, wetu akiwa nyuma nyuma. Kisha wakaelekea kule msituni, na picha ikaganda. Yule mdogo akabaki pale kwenye kioo, mguu mmoja hewani, nyuma ya watu wote.

Mwalimu akaigongagonga simu. "Mama, hii imelala."

"Usiiguse. Sauti iko."

"Sasa sauti bila picha ni ya nini?"

"Mwalimu, nyamaza."

Sauti ya yule mkubwa ilikuwa ikija bila kukatika. "Wanashuka bondeni. Mbele ni wa kijani, bega lake la kushoto limeanguka. Wetu ameanza kupanda. Mdomo bado ameufunga, anapumua kwa pua. Hajatumia nguvu yake, huyu."

Maneno hayo nayajua.

Nilipoolewa, redio ilikuwa moja tu, ya baba mkwe, nayo ilining'inia kwenye msumari nyumbani kwake. Siku ya mbio kubwa sisi wake wa vijana tulisimama nje ya dirisha. Gazeti sikuweza kusoma, shule niliacha mapema, lakini mtangazaji aliniwekea mbio zote kichwani: nani ana bega gani, nani anapumua vipi, nani anadanganya kwamba hajachoka. Jioni nikikamua, niliyarudia yote kwa sauti yake, ng'ombe na watoto wakisikiliza. Nimefanya hivyo miaka yote. Huyu mjukuu mkubwa amekua akishika kamba ya ndama huku nyanya yake akitangaza mbio ambazo zilishaisha zamani.

Kwa hivyo mtangazaji wa dirishani alikuwa amepita kinywani mwangu, na sasa anatoka kwenye simu ya mwalimu. Halafu vijana wanatuambia video ni mambo mapya.

"Wetu ni wa sita," ikasema sauti. "Wa tano." Hapo kwenye tano mkimbiaji wetu akakaa, na akakaa sana. "Wa kijani amegeuza shingo."

Nikasimama, goti au si goti. "Amekwisha huyo."

"Mama, umeona wapi?" mwalimu akauliza. "Picha ni ile ile."

"Sioni. Nasikia. Mtu hageuzi shingo bure, miguu imeshamwambia kitu."

"Wa nne," ikasema sauti. "Wa tatu, amempita wa kijani. Wamebaki na kona ya mwisho, na wetu sasa amefungua mdomo." Kisha makelele ya watu, kisha sauti yenyewe ikipasuka: "Wa pili. Dada yangu ni wa pili. Ameingia timu."

Kwenye kioo alikuwa bado wa nyuma, mguu hewani. Nilipiga vigelegele ambavyo sikujua bado ninavyo kifuani. Mwalimu alicheza mpaka mkebe wa sukari ukaanguka na simu yake juu yake, wala hakuiokota.

Wajukuu waliporudi jioni, sauti ile ilikuwa imeshafika kusikojulikana. Watu wameichukua na kuiweka juu ya picha zao. Mmoja ameiweka juu ya kuku wanaofukuzana. Nikauliza kama hiyo si wizi.

"Kogo, hiyo ndiyo kupendwa," mkubwa akasema.

"Endelea kuongea basi," nikamwambia. "Na anayetaka kuona tu, aende huko uwanjani."

Mkimbiaji mwenyewe alitaka kujiona. Nikamwambia hapa ni kusikiliza. Akakaa kwenye kigoda, simu sikioni, akajisikia akipanda mmoja mmoja mpaka akafika.

"Kwani nilikuwa natisha hivyo?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anatisha. Halafu nikamwambia avue viatu, alikuwa ameniletea vumbi lote la Kaptagat ndani ya nyumba.