Nilitaja Jina la Mumbua Kanisani

Admin, nifiche jina, hata hilo la Baba Nekesa hapa chini si langu, na la kanisa usiweke. Nimemkosea mama mmoja, nitamwita Mumbua, juu jina lake la ukweli nishaliharibu vya kutosha. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, naishi Kianda hapa Kibera na bibi na watoto watatu. Nyumbani ni Western. Kazi yangu ni kuandika mabango: kinyozi, bucha, saluni, mpaka shule. Shule niliachia form two lakini mkono wangu uko sawa.

Kitu bibi hajui ni kwamba mimi napenda wanaume. Nilijua tangu nikiwa kijana, nikaoa nikidhani itaisha. Haikuisha. Karibu miaka nne sasa, Jumapili mchana tukitoka kanisa namwambia naenda kuangalia kazi Kawangware, na huko kuna mahali watu kama mimi tunaketi. Msifikirie taa na muziki wa filamu. Ni chumba cha nyuma cha hoteli ya chapati na muthokoi, ile mahindi ya Wakamba, viti za plastiki na redio. Wa soda anakunywa soda, wa bia anakunywa bia. Watu wanacheka na sauti yao ya kawaida, kitu huwezi fanya kwingine.

Mahali kama hapo haina bango. Jina inatoka kwa mtu amekubali kutuweka. Ya kwanza nilijua ilikuwa Mashimoni, hapa hapa Kibera, tukiita Kwa Otis. Otis alipofukuzwa jina ikaisha na yeye, tukakaa mwaka mzima bila mahali. Mgeni akiingia siku ya kwanza anaambiwa huyu ndiye mtu anabeba hatari kwa ajili yako, na hilo jina halitoki nje.

Ni mimi nilimwomba Mumbua hicho chumba. Nilikuwa namwandikia ukuta wa hoteli, nikamwambia ukweli. Ni mama wa Kitui, mjane, amepita sitini. Akaendelea kukoroga sufuria. "Mnapigana?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi ingieni. Na mtu asinitapikie kwa mlango."

Sasa skizeni venye nilifanya. Kwa kikao cha wanaume wa kanisa, mzee mmoja alisema amesikia kuna kilabu ya mashoga Kawangware na lazima ifungwe. Alafu akanigeukia. "Baba Nekesa, wewe ndio unaandika mabango ya huko. Hiyo kilabu inaitwaje?"

Nikasema sijui. Mwingine akasema kutoka nyuma, "Atajuaje, ama yeye ni mteja?" Wakacheka. Mzee hakucheka. "Kila Jumapili ukitoka hapa unaenda Kawangware," akaniambia. "Na haujawahi sikia kitu?"

Ndugu zangu, mimi hutunga majina ya biashara kila wiki. Mtu akikuja na kinyozi haina jina nampatia matano achague. Siku hiyo ningesema lolote. Lakini nyuso zote zilikuwa zinaniangalia, nikasema, "Nasikia wanaita Kwa Mumbua." Mzee akanishika bega, akasema asante ndugu yangu. Na nikaskia nafuu. Hiyo nafuu ndio inanitesa kuliko kitu yote.

Jumatano iliyofuata, mchana, vijana walienda kwa hoteli ya Mumbua. Hakukuwa na mtu wetu hata mmoja, ni watu wa mjengo walikuwa wanakula lunch. Wakamwaga chakula, wakavunja viti, mmoja akamsukuma Mumbua akaangukia jiko. Mkono wa kulia umeungua mpaka kwa kiwiko.

Jioni akanipigia simu. Nilidhani amejua ni mimi. Kumbe hajui. "Fundi, uko salama?" akaniuliza. "Usikuje huku, na uambie wengine. Kuna mtu ametuuza."

Nikamuuliza kama aliwapatia majina yetu. Yaani hata hapo nilikuwa najifikiria mimi.

"Waliniuliza," akasema. "Nikawaambia mimi ni mzee, wateja wote naita kastoma." Akacheka kidogo, alafu akasema mkono unamuuma, akakata.

Tangu siku hiyo chakula haishuki. Pikipiki ikisimama nje nanyamazisha watoto. Bibi akiuliza, "Baba Nekesa, unaumwa wapi?" nasema mgongo. Juzi yule mzee alikuja hapa kwangu, akakunywa chai, akaniambia Jumamosi saa nne wanaenda kwa mwenye ploti ya Mumbua, anaishi mtaa wa Ayany, ili amfukuze. Mwenye ploti amekataa kuamua mpaka asikie shahidi. "Shahidi ni wewe," mzee akaniambia. "Utasema tu venye ulituambia." Nikikataa wataniuliza mbona. Nikienda na niseme wanachotaka, huyo mama anatolewa nje na mkono haujapona.

Nishaurini, lakini msiniambie nitoroke. Hiyo nimeifikiria, na nimeona Mumbua hana pa kutorokea. Mimi nauliza wale mliwahi kumwambia bibi kitu ya kuvunja nyumba: mlianzia wapi? Nataka asikie kutoka kwangu, si kwa mzee. Nitamwambia Ijumaa jioni, watoto wakiwa wameenda kwa shangazi yao, juu sijui nani atakuja kwa huu mlango baada ya hapo. Naogopa hata kuandika hii. Lakini Jumamosi saa nne nitakuwa Ayany, na nitasema mbele ya wazee wote kwamba hicho chumba niliomba mimi, waliokuwa wanakaa huko niliwaleta mimi, yeye alikuwa anauza chakula, na jina lake nililitaja mimi ili wasiniangalie. Mumbua pia ameitwa. Atakuwa ameketi hapo akisikia.