Bihogo Hashiki Mimba

Nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, namkumbuka shangazi Kezia, dada yake baba, akiingia uani na mzigo kichwani huku umande ukimchuruzika shingoni. Alikuwa amerudi kwetu Makere kutoka Kibondo alikoolewa, kwa kuwa hakupata mtoto. Kazi aliyojichagulia ilikuwa kumlisha Bihogo, ng'ombe wetu chotara wa maziwa.

Tulipohamishiwa kijiji kipya, malisho yakawa mbali, na Bihogo akawa wa kufungwa kamba nyuma ya nyumba. Alipandwa na dume letu, tukangoja. Akapandwa tena, tukangoja. Baba akatania kwamba ng'ombe wa maskini hazai. Bibi hakucheka. Kwake mambo yalikuwa wazi: mwanamke asiyezaa hamkatii majani ng'ombe anayetakiwa kuzaa.

“Kezia, mwanangu, mkono wako unamfunga huyu ng'ombe,” alimwambia. “Nenda ukakae kwa mama yako mdogo, kule Nyakitonto.”

Shangazi alifunga kanga zake, akaenda. Nilimlilia sana, na bado niliamini bibi amesema kweli.

Basi majani yakawa ya kubahatisha, maana mama alikuwa na mashamba ya maharage na sisi watoto juu yake. Bihogo akakonda mpaka mbavu zikaonekana, na mimba hakuna. Hatimaye baba akamwita bwana mifugo, akaja na baiskeli yake, akamzunguka ng'ombe polepole.

“Mzee, kuna ugumba wa kuzaliwa nao, na kuna ugumba wa njaa,” alisema. “Huyu ana njaa. Na hilo dume lako, limeshazalisha ng'ombe gani?”

Baba akakuna kichwa. Halikuwa limezalisha hata mmoja, na dume lililolizaa nalo lilizalisha kwa nadra.

Tukamlisha Bihogo vizuri, tukampa chumvi, baba akaazima dume la jirani. Akashika mimba, akazaa jike. Baba akatuma salamu Nyakitonto, shangazi arudi. Akajibu kwamba anashukuru, huko ameshazoea.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoliona jambo hili, na linaniuma hadi leo. Ng'ombe tulimuulizia majani, chumvi na dume. Yule mume wa shangazi kule Kibondo alioa mke wa pili, akaoa wa tatu, na nyumbani kwake hakikulia kichanga. Hakuna aliyemuuliza kitu.