Mbao Zilizopimwa kwa Mikono ya Yaya

Kabla garaji yetu haijawa na ukuta hata mmoja, tayari ilikuwa na milango. Yaya aliipanga uani kwa vijiti na kamba, nasi tukaishi ndani ya kamba zile kana kwamba ni nyumba iliyokwisha. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu Kisangani. Yeye aliniita leki, mdogo wake. Tulikuwa watatu tu: yeye, mimi na mama.

Mimi natengeneza pikipiki. Yaya alikuwa fundi wa moteri za mitumbwi, zile zinazoteremka mtoni na watu na ndizi mpaka Yanonge na Isangi. Tulifanya kazi chini ya turubai moja kando ya barabara ya Simi-Simi. Mvua ilipokuja tulifunika moteri za watu, sisi wenyewe tukalowa. Ndiyo maana yaya alitaka garaji kubwa, nyumbani, katika uwanja aliotuachia papa, baba yetu, alipofariki. Upande wa kushoto pikipiki, upande wa kulia moteri za mtoni, na katikati nguzo tu, bila ukuta.

"Ukuta ya nini?" alisema. "Nikitaka kle yako ya kufungulia nati, nizunguke inje?"

Hatukuwa na mita. Yaya alipima kwa mikono yake, kama mama anavyopima kitambaa sokoni. Alinyoosha mikono yote miwili, kamba ikapita kifuani kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na hiyo ikawa pima moja. Mimi nilishika mwisho wa kamba na kupigilia kijiti aliponionyesha kwa kidevu. Kila upande ulipata pima tatu.

Tangu siku ile mama hakukubali mtu akate njia juu ya kamba. Jirani akija kuomba moto, alisikia kelele:

"Eeh! Unapita mu ukuta! Mulango iko kule!"

Jirani alicheka, lakini alizunguka. Hata padri wa mtaa alizunguka. Mama mwenyewe alipenda kukaa upande wa yaya akimenya ndizi za kupika na kuponda, za lituma, kwa sababu kulikuwa na kivuli cha nyumba.

"Mama, hapa si jikoni," yaya alimwambia. "Lituma yako itanukia mafuta ya moteri."

"Na mvua ikinyesha, hii garaji yako itanifunika?"

"Itakufunika."

"Bon. Funga basi hiyo dirisha, baridi inaniingia."

Yaya alinyanyuka akafunga dirisha ambalo halikuwapo. Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Baadaye alinunua mbao ngumu kwa wapasuaji wa msituni, za paa la upande wake. Alizipima zote kwa mikono yake, pima tatu kila moja, akazipanga nyuma ya nyumba juu ya mawe zikauke. Halafu akapanda boti kwenda Kinshasa, kutafuta kazi kwenye boti kubwa. Alisema atarudi mbao zikikauka.

Mbao zilikauka. Kamba zikaoza, kuku wakafukua vijiti, watoto wa jirani wakavichukua vyote. Majirani waliendelea kuzunguka kwa muda, kisha mmoja akakata njia katikati na mama hakusema kitu. Nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kumkosa yaya kwa namna nyingine. Kabla ya hapo nilikuwa nikimngoja tu.

Alipiga simu mara nyingi. Kila mara aliuliza swali moja.

"Leki, mbao ziko? Muchwa haijagusa?"

"Ziko muzuri, yaya."

"Zigeuze, zisipinde."

Niligeuza. Nilitaka kumuuliza atarudi lini, lakini mimi si mtu wa maneno. Neno hukaa mdomoni likinisubiri, na mwenzangu anakuwa amekwisha kukata simu. Nilirudi kwenye pikipiki na swali langu, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Mama ndiye aliyesema tujenge. Matofali tuliyokuwa tukinunua kidogo kidogo yalikuwa yametosha, na turubai lilikuwa limechanika.

"Mvua haingojei mutu," alisema.

Nilipanga upya vijiti na kamba. Nilikumbuka kila kitu: mlango ulipokuwa, dirisha lilipokuwa, pima tatu huku na pima tatu kule. Nilinyoosha mikono yangu, mama akashika mwisho wa kamba. Tulifurahi kwamba hatukusahau hata kijiti kimoja. Fundi wa matofali akaja, mzee mnene anayependa utani, na kuta zikapanda.

Siku ya kuweka mbao za paa tulianza na upande wangu. Mbao zangu nilikuwa nimezinunua juzi tu, nikazipima mwenyewe, nazo zilikaa vizuri kutoka kwenye nguzo mpaka juu ya ukuta. Kisha tukapandisha za yaya. Ya kwanza ilipita ukuta na kutokeza nje zaidi ya mkono mzima. Ya pili vilevile.

Fundi alikuna kichwa. "Hii mbao alipima nani?"

"Yaya."

"Na ukuta?"

"Mimi."

Aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani. Akashuka ngazi, akanishika mikono, akainyoosha pande mbili kama fundi wa nguo. Halafu akacheka mpaka akakaa juu ya mchanga.

"Mama! Kuya uone! Kijana yako amejenga garaji ya mutu mufupi!"

Mama alitoka na majani ya muhogo ya kupika pondu mkononi. Alipoelewa alicheka na yeye, kisha akaitazama ile mbao.

"Yule mikono yake ilikuwa mirefu sana," alisema. "Shati ya shule ilikuwa inamufika hapa." Akagusa chini kidogo ya kiwiko chake.

"Si shida," fundi alisema. "Tunakata." Akachukua msumeno na kuuweka juu ya mbao ya kwanza.

"Ngoja!"

Msumeno ulisimama. "Kumbe iko na sauti," alisema fundi.

Garaji nzima ilikuwa kwa kipimo changu sasa. Zile mbao tu ndizo zilizobaki kwa kipimo cha yaya. Nikizikata, ningekuwa nimeamua mwenyewe kwamba harudi, na sikuwa nimemuuliza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, penye yale mawe matupu, nikampigia.

"Leki! Mbao ziko?"

"Ziko juu ya ukuta."

"Ah! Mungu iko!" Akapiga makofi, nikasikia. Nilimweleza kosa langu, naye akacheka kama fundi. "Nilikuwa nakuambia kula, urefuke. Hukusikia."

Nilingoja acheke amalize. Kisha nikasema, "Yaya, utarudi?"

Nilisikia honi za magari, mwanamke akimwita kula, na karibu kabisa na simu mtoto akilia.

"Ile ni mutoto yangu," alisema mwishowe. "Iko na meno mbili sasa."

Sikujua alikuwa na mtoto. Sikujua hata alikuwa na mke.

"Donc, basi, leki, kata ile mbao. Usiningoje."

"Ndiyo, yaya."

Nilikaa kidogo juu ya mawe. Nyuma ya nyumba pale hakukuwa na kitu tena cha kugeuza. Niliporudi, fundi alikuwa bado na msumeno mkononi, na mama ananitazama usoni.

"Usikate," nilimwambia fundi. "Ziache zitoke inje."

"Zote?"

"Zote. Tufunike na bati mpaka mwisho wake."

"Paa itakuwa na mudomo murefu kama bata."

"Ikuwe."

Jioni nilimwambia mama kwamba ana mjukuu. Alisimama ghafla, akaketi tena.

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Sikuuliza."

"Weye! Unauliza mbao, huulizi mutoto?" Alinipiga begani kwa kitambaa cha jikoni, mara mbili, huku akilia.

Paa lilikwisha. Mvua ikinyesha, wapita njia hujibanza chini ya ule mdomo wa bata, na mama humenya ndizi zake pale. Garaji ni kubwa kuliko zote za mtaa wetu, hata kwa mikono yangu. Lakini nilifanya kazi upande wangu tu. Upande wa yaya niliufagia, sikuweka hata pikipiki moja.

Halafu asubuhi moja mvuvi wa Wagenia, watu wa mtoni, aliingia na moteri begani.

"Grand iko? Kaka yako?"

"Iko Kinshasa."

"Eh, pole." Akaanza kugeuka na mzigo wake. Bega lake lilikuwa jekundu.

"Weka hapa," nikamwambia, nikamwonyesha upande wa kulia.

Moteri za mtoni nilikuwa nazitazama tu yaya akizifungua. Nilifungua hii, nikafunga, nikafungua tena, haikuwaka. Mvuvi alianza kukohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuondoka na mali yake. Nikapiga simu.

Yaya hakuuliza habari. "Toa buji, ile ya kutoa cheche," alisema. "Iko na rangi gani? … Hapana, usipanguse na shati, leki, nakujua. Sasa teremuka chini, pale petroli inapita." Nilifuata sauti yake, kitu kimoja kimoja, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Tulijaza pipa maji, tukatumbukiza mguu wa moteri humo kama iko mtoni, nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikawaka, na garaji yote ikajaa mlio na moshi.

"Sogeza simu karibu," yaya alipiga kelele.

Nilisogeza. Mvuvi alinigusa mkono: "Petroli yangu inaisha, ndugu." Nikapeleka kidole kuzima.

"Usizime kwanza," ilisema simu. "Acha nisikie."

Nikaondoa kidole. Tulisimama wawili, mvuvi na mimi, maji ya pipa yakiruka na kutulowesha miguu, na mimi nimeishika simu juu ya moteri kwa mkono ulionyooka.