Upepo Uliozidi Kwenye Tairi za Njoroge

Hainitoki akilini asubuhi ile tulipokuwa tukipakia gari uani kwetu Kachibora, mwanangu, na tangu uniambie kwamba umepata leseni inanijia kila ninapoketi peke yangu. Nimefurahi, usidhani vingine. Gari lako nimeliona, nimelizunguka, hata kiti cha mbele nimekikalia. Lakini niliinama nikatazama tairi, nikaziona zimejaa hadi zimekuwa ngumu kama jiwe, na mpira umelika katikati pekee, pembeni bado mpya. Nikasema moyoni, huyu lazima nimweleze. Umeniuliza mara nyingi kwa nini mjomba wako Njoroge haji kwenu Mabanga, hata Krismasi, na kila mara nimekutuma jikoni uniletee chai. Leo keti.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Mama yako, mdogo wangu Wambui, alikuwa ameolewa huko Bungoma na baba yako Simiyu, na si wote waliopenda. Kwetu walisema msichana wa Kikuyu hakosi mchumba hapa hapa Trans-Nzoia, aende Bungoma kutafuta nini? Mabanga nako walinong'ona yao. Aliyeyanyamazisha maneno hayo ni babu yako, Mzee Wanyonyi, baba yake Simiyu. Siku ya mahari alisimama, mtu mrefu mwenye koti la kijivu, akasema, "Mimi sikuja kuchukua mke wa kijana. Nimekuja kuchukua binti yangu." Akaketi. Kuanzia hapo, kila shughuli ilipomfikisha Kitale alipanda hadi Kachibora kutujulia hali, na Mama yetu alikuwa akimwekea maziwa lala yake pembeni, asiguse mtu.

Ndipo ukazaliwa wewe. Ndiyo, safari ninayokusimulia ilikuwa ya kuja kukuona wewe.

Mama alipanga kila kitu. Njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa mzazi nguvu, mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, unga, na kuku waliofungwa miguu wakipiga kelele nyuma ya kiti. Gari lilikuwa la Njoroge, kitinda mimba wetu. Nakuomba ulikumbuke hili: Njoroge hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa kukimbiza gari. Alikuwa kijana mpole aliyelipenda gari lake na kuliosha kila jioni. Ila alikuwa na imani moja aliyoiokota kwa wenzake, kwamba tairi likijazwa sana linabeba mzigo vizuri na mafuta hayaishi haraka. Basi alijaza.

Baba yetu alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akaiweka chini, akalipiga tairi la mbele kwa ngumi.

"Njoroge, hapa umetia upepo mwingi. Hili gari litakurusha."

"Baba, si unaona mzigo? Nikiacha laini litalala."

"Hata mzigo una kipimo chake, na kimeandikwa hapo mlangoni kwako. Soma. Punguza."

"Sawa, Baba. Nitapunguza Kitale."

Baba aliokota ndoo yake. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Tulipofika Kitale, petroli stesheni ilikuwa na foleni na mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Mlima Elgon. Njoroge aliangalia foleni, akaangalia mbingu, akasema, "Twendeni tu, bana, mvua isitupate njiani. Nitapunguza tukirudi." Hivyo tu. Hakukuwa na ubishi wala dharau, ni haraka ya kawaida ambayo hata wewe unayo.

Kutoka Kiminini kila shimo dogo lilitupiga mgongoni. Mama alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. "Gari lako linapiga mateke, Njoroge," alisema, nasi tukacheka. Kule Kamukuywa niliona usukani ukimtetemeka mikononi, na mara moja gari liliyumba kidogo upande wa mtaro kisha likarudi. Njoroge akaacha kucheka. Misikhu mvua ikatushika, ile mvua ya kule isiyoomba ruhusa, na tulipopita Webuye lami ilikuwa inang'aa maji matupu.

Babu yako alijua tunakuja. Mama yako alimsihi abaki nyumbani kwa sababu ya mvua, akakataa. Alisema wageni wake hawatapotea njia akiwa hai. Akachukua baiskeli na mwavuli, akaja kusimama pale njia ya kwenu inapoingia barabara kubwa.

Tulimwona kwa mbali. Mama ndiye aliyemtambua. "Ni yeye! Angalieni, amekuja na mvua yote hii!" Mzee aliinua mkono. Njoroge akawasha taa kumwamkia, akakanyaga breki.

Gari halikusimama. Sikusikia tairi zikilia, mwanangu, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba hazikulia. Liliteleza kimya, likageuka ubavu, kama kitu ambacho hakigusi ardhi. Njoroge aliita jina la Mungu. Nilimwona mzee akiacha baiskeli na kurudi nyuma hatua moja, mkono wake ungali juu.

Tulipotoka, Njoroge alikuwa tayari ameketi kwenye matope, kichwa cha babu yako mapajani mwake, akimwambia, "Mzee, amka. Mzee, tumefika." Alisema hivyo tena na tena. Mama alivua leso yake akamfunika mzee miguu, kana kwamba alikuwa anasikia baridi tu.

Watu walikuja haraka. Walitoka mashambani na majembe mikononi, wakamwona mmoja wao amelala na kijana mgeni amemshika. Wa kwanza alishaokota jiwe. Niliyasikia maneno yakisemwa kwa lugha nisiyoijua, lakini maana yake niliijua. Ndipo baba yako akafika mbio, bila viatu. Alimtazama baba yake. Alimtazama Njoroge. Nilidhani yeye ndiye atakayeanza. Badala yake alisimama katikati yao na wale watu, akafungua mikono.

"Msimguse," alisema. "Huyu ni shemeji yangu. Alikuwa anamleta nyanya ya mtoto."

Kisha akapiga magoti, akalia.

Polisi wa trafiki waliokuja kupima barabara walizikagua tairi. Mmoja alituonyesha alama kwenye mpira, akasema kwa upole, nadhani ni kwa kuwa alimwona Mama, "Upepo ukizidi namna hii, tairi linavimba katikati. Linakanyaga lami kwa ukanda mwembamba tu. Kukiwa na maji, breki inashika nini?" Njoroge aliyasikia hayo kutoka ndani ya gari la polisi. Najua aliyasikia, kwa maana alikuwa anatutazama.

Kwenu hawakutaka afungwe. Nyanya yako wa Mabanga, mjane wa mzee, aliwaambia wakubwa wa polisi kwamba nyumba moja haiwezi kumpeleka mtoto wake jela. Baada ya mazishi ya mzee alikuchukua kutoka mikononi mwa mama yako, akakutazama muda mrefu, akakuita Wanyonyi. Kabla ya hapo ulikuwa na jina jingine ambalo siku hizi hakuna anayelitumia.

Njoroge hakushika usukani tena. Amelima, ameoa, amelea watoto wake vizuri. Lakini umewahi kumsikia akikuita kwa jina lako? Anakuita "kijana." Wote walishamsamehe kwa kifo cha mzee, ila Njoroge mwenyewe hajajisamehe. Baba yetu naye hakumsema hata siku moja. Alizeeka akiwa na neno lake moja la asubuhi ile, na nadhani alitamani angelirudia.

Basi nisikilize, Wanyonyi. Kabla ya safari, tairi zikiwa bado baridi, zipime kwa kipimo, usizipige teke na kusema ziko sawa. Fungua mlango wa dereva, soma kiasi kilichoandikwa, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo, na usikizidishe kwa sababu rafiki amekuambia. Tairi lililojaa kupita kiasi linakula mpira katikati, linakurusha kwenye mashimo, linaweza kupasuka, na siku ya mvua linakunyima breki wakati unaihitaji. Na mtu anayekupenda akikuambia upunguze, punguza papo hapo, yeye akiwa bado amesimama anakuangalia. Usimwahidi Kitale.

Ukishazipunguza, endesha polepole hadi Kachibora ukamwone mjomba wako. Mwambie jina lako wewe mwenyewe, kwa sauti, kisha ukae naye.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, akulinde wewe na kila anayesimama kando ya njia akikungoja. Ufike, na unaowaendea uwakute wazima.