Kamera Aliyoizika Mjomba Asiamah

Kamera ya Dufie ilimzimikia katikati ya kazi, msibani, mjane anaingizwa uwanjani huku shangazi zake wamemshika huku na huku. Alibonyeza kitufe, ikakohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, kisha kioo cha nyuma kikawa cheusi tititi. Akatoa betri, akairudisha. Akabadilisha kadi. Wapi. Mjane alishapita, akaketi, na machozi yake ya kwanza hayakupigwa picha na mtu.

Siku ile aliimaliza kwa simu yake ya mkononi. Mama mmoja wa upande wa marehemu, amejifunga kitambaa chekundu hadi kwenye paji la uso, alimtazama juu mpaka chini akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Haya, leo tumeletewa mpiga picha wa simu! Si bora tungemwita mjukuu wangu, angepiga bure na sahani ya wali akaosha."

Watu wakacheka, msiba na msiba wao. Dufie naye akacheka, maana angefanyaje? Lakini njia nzima ya kurudi Tafo alikuwa ameikumbatia kamera kifuani kama mama anayerudi na mtoto mwenye homa.

Kumasi hapakosi msiba Jumamosi, na kwa miaka mingi Dufie alikuwa miongoni mwa watu wanaotafutwa kabla maturubai hayajakodiwa. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anajua kupenya katikati ya wapiga ngoma bila kumkanyaga mtu. Alijua ni wakati gani mjomba wa marehemu atapandwa na hasira, na ni nani atazirai akifika mbele ya jeneza. Picha alizisafisha palepale kwa mashine yake ndogo, akazitandaza kwenye meza karibu na geti, na wageni wakatoka wamebeba sura zao.

Kazi hiyo alifundishwa na Asiamah, mwenye duka la picha pale Asafo. Dufie alikwenda kwake msichana asiye na mbele wala nyuma, mama yake amefariki, akaanza kwa kumbebea taa. Asiamah hakumwita kijakazi. Alimwita binti yangu, naye Dufie akamwita Mjomba, na kwa watu wa kule mjomba si wa kutaniwa tu. Ndiye anayesimama pale ambapo baba hana neno. Siku Boadi alipokuja kumposa, mjomba wake wa damu hakuonekana, na Asiamah ndiye aliyepokea chupa za posa, akamwuliza Dufie mbele ya watu, mara tatu kama inavyotakiwa, "Tuzipokee, ama tuzirudishe?" Mara ya tatu sauti ya mzee ilikatika, na watu walimwona akijifuta macho. Hata kamera yenyewe, iliyozima, ilitoka kwake. Alimwuzia siku Dufie alipoanza kujitegemea.

Basi kamera ilipokufa, nyumba nzima ikawa na la kusema. Boadi ni fundi wa giaboksi kule Suame, na kwake yeye hakuna kitu kinachostahili kutupwa.

"Mke wangu, Suame hakuna kinachokufa. Juzi tumefufua lori lililokuwa limeota nyasi ndani."

"Kamera si lori, Boadi."

"Ina skrubu, haina?"

"Ukiigusa na hizo bisibisi zako nakuacha, wallahi naondoka na watoto."

Akyaa, rafiki yake anayepika misibani, alikuwa na shauri lake, nalo alilitoa huku akitwanga ndizi na mihogo ya fufu.

"Achana na hicho kidude, Dufie. Watu siku hizi wanatazama ukubwa wa lenzi kabla hawajatazama sura zao. Nunua kubwa! Ukipita watu waseme, huyo anapita."

"Yangu naijua, Akyaa. Nikiwa nimefumba macho naijua."

"Na mumeo je, humjui? Mbona akiumwa unampeleka hospitali?"

Mwenyewe Dufie moyo wake ulikuwa kwenye kutengeneza. Akishindwa, anunue nyingine ya namna ileile, ya mtumba. Kamera kubwa aliiogopa kidogo. Kujifunza upya ukubwani ni kazi. Lakini uamuzi hakuuacha kwa Boadi wala kwa Akyaa. Aliupeleka mpaka Asafo, pamoja na kamera yenyewe.

Mjomba Asiamah aliipokea kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akaigeuza, akaitia sikioni akaitikisa. "Niachie," akasema. "Njoo katikati ya wiki."

Katikati ya wiki alimkuta ameinamisha uso.

"Binti yangu, keti."

Dufie akaketi.

"Unyevu umeingia. Ubao wa umeme wa ndani umeungua, umekuwa kama mkaa. Hii kuitengeneza ni kumvalisha maiti viatu."

"Hata tukiagiza vipuri Accra?"

"Ningekuwa mwizi ningekwambia lete hela niagize. Wewe ni mwanangu. Nakwambia lililopo." Akamshika bega. "Na ukitafuta nyingine kama hii, utarudi hapa hapa mwaka haujaisha. Panda juu kidogo. Kuna jamaa analeta nzuri kutoka ng'ambo, nitakusemea. Hii niachie, labda nitapata skrubu mbili tatu."

Dufie aliipapasa mara ya mwisho pale juu palipochubuka, akatoka. Akauza friji lake la kuuzia maji ya baridi, watoto wa mtaa wakanung'unika wiki nzima, na hata hivyo mwezi ulipita kabla kamera ya yule jamaa haijafika. Katika mwezi huo ndipo ulipotokea msiba mkubwa wa Mampong, wa bibi mmoja wa ukoo wa kichifu, kazi ambayo ukoo ule ulimwahidi Dufie tangu bibi yule alipolazwa hospitali. Alipowapigia kuwaomba wamvumilie, kijana wa upande wa pili wa simu akajibu kwa upole, "Usijisumbue, dada. Tumeshapata mtu." Dufie alikwenda kumlilia Mjomba, naye akampa soda, akamwambia, "Pumzika. Misiba haijaisha Kumasi."

Kamera mpya ilikuja, nzito kama tofali, na kweli watu walimpisha. Dufie akaanza kuizoea.

Ilikuwa Ejisu, msibani tena, ambako upande wa mke ulimwita yeye na upande wa mume ulileta mpiga picha wao. Huyo mpiga picha alipogeuka, Dufie akamtambua: Oppong, mtoto wa Mjomba Asiamah, aliyekuwa amekwenda Libya kutafuta maisha na kurudi amekonda, na nguo alizovaa tu. Dufie alijua karudi. Hakujua anapiga picha.

"Dada Dufie!" Oppong akamjia anatabasamu kwa dhati kabisa. "Mungu kakuleta. Hebu nisaidie, picha zangu zote zinatoka za manjano. Baba kanionyesha nimesahau."

Akaivua kamera shingoni akampa.

Vidole vya Dufie vilijua kabla kichwa chake hakijajua. Palipochubuka palikuwa palepale, pamepakwa wino mweusi. Akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani anakoingia mtu mwenye kuijua, akashuka mpaka chini kabisa. Maneno yalikuwepo kama alivyoyaandika mwenyewe siku ile ya kwanza: *Mwenye kamera: Dufie wa Tafo.*

"Umeipata wapi hii, Oppong?"

"Ya baba. Ilikuwa imekufa, akaifungua. Kumbe ni kile kipazia cha ndani tu, kinachofunguka ukipiga, kilichokwama. Akatoa kingine kwenye kamera mbovu akaweka, asubuhi moja ikawa imekwisha." Akacheka. "Nimeanza nayo msiba wa Mampong. Wewe, watu walikuwa wengi!"

Dufie akazirekebisha zile rangi za manjano. Alimwonyesha pa kubonyeza, akamrudishia, akaenda nyuma ya maturubai ambako wapishi walikuwa wanaosha masufuria, akasimama hapo. Akyaa alimwona akadhani anamlilia marehemu.

Jumatatu mchana Dufie alimkuta Mjomba Asiamah anakula, bakuli la fufu mbele yake, amenawa mkono wa kulia. Hakumsalimia. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia pale bila salamu, na mzee akaelewa hapo hapo. Akauondoa mkono kwenye bakuli.

"Uliniambia imeungua," Dufie akasema.

"Uliniachia mwenyewe. Hukuniachia?"

"Nilikuachia maiti, Mjomba."

"Basi maiti akafufuka. Kosa langu?"

"Nimeuza friji langu! Nimekaa mwezi mzima mikono kwapani. Nimekuja kulia hapa, juu ya kiti hiki, kwa ajili ya Mampong, ukanipa soda. Na Mampong ulikuwa umeshampeleka Oppong."

Mzee akasogeza bakuli kando. Alipoongea, hakumtazama.

"Mtoto wangu amerudi kutoka jangwani hana hata viatu. Usingizini anapiga kelele, majirani wanasikia. Ningemfanya nini? Wewe una mume. Una jina. Jina hilo nimekupa mimi."

"Ungeniomba."

"Nikuombe wewe?"

"Ungeniomba ningekupa, Mjomba. Ile kamera, na kazi ya Mampong yenyewe, ningempa. Unajua ningempa."

"Najua," Asiamah akasema. "Ndiyo maana sikuomba. Mimi ndiye niliyekuonyesha hata mahali pa kuweka kidole. Leo nikusimamie mlangoni, nikunje mikono, nikuombe?"

Kama mzee angekana, Dufie angempigia kelele mpaka mtaa ujae. Kama angelia, pengine naye angelia, mambo yakaisha kwa namna fulani. Lakini yule mzee alikuwa amejitetea kwa kiburi chake, tena alikuwa anakiamini. Dufie akatoka. Nyuma yake fufu ya mzee ilibaki bakulini.

Kesho yake Oppong alikuja Tafo mwenyewe, kamera ameifunga kwenye kitambaa safi. Akaiweka mezani.

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua."

"Ichukue."

Boadi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama mke wake akimtaka kwa macho aseme kaa nayo. Dufie naye neno hilo lilimfika ulimini. Akaliona, akalimeza. Alinyoosha mkono akaichukua kamera yake, na Oppong akaaga akaenda zake.

Siku hizi ana kamera mbili, na kazi anazo. Oppong alisikika anafyatua matofali Ejisu, na Dufie aliposikia hakuweza kula mchana ule; lakini hakumpigia simu. Kamera zikitaka kusafishwa anazipeleka Accra kwa fundi asiyemjua, anakaa mbele yake mpaka amalize. Akienda mjini anakwepa Asafo, anazungukia mbali.

Taabu ni misibani. Watu waliomwona tangu akibeba taa bado wanamwuliza, kwa wema tu, "Na Mjomba wako je, hajambo?"

"Yupo," Dufie anajibu, kisha anainua kamera usoni.