Msoma Ramani wa Mashindano ya Magari

Nakiri mwenyewe: yale mashindano makubwa ya magari ya Bara niliyasoma gazetini tu. Yalianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia, na kila mwaka magari huzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yakizama matopeni huku watu wakishangilia. Raha iliyoje! Basi Mzee Shaibu, baba wa mchumba wangu, alipokuja kisiwani kwetu kutoka Tanga, nikamwambia nilishiriki, tena mimi ndiye niliyemsomea dereva ramani.

"Mashallah!" akasema. "Nshaazima gari. Niongoze Kidichi nikaone hamamu, yale mabafu ya kale ya masultani."

Mimi bingwa, mtoto wa mjini nisiyewahi kufika hata Bububu hapo jirani, nikakunjua ramani. "Kulia, mzee! Sasa moja kwa moja!" Tulikwenda zaidi ya saa nzima, mpaka barabara ikaishia pwani. Mzee akamuuliza bibi mmoja muuza samaki kama pale ndipo Kidichi.

Bibi akacheka. "Hapa Kizimkazi, baba. Kidichi kaskazini, huku kusini!"

Mzee Shaibu akaichukua ramani niliyoishika juu chini, akaigeuza, akanirudishia.

"Mwanangu," akauliza taratibu, "yule dereva wako wa mashindano amesharudi kwao?"